Handaki la Shule ya Umma, Nani Alipe?

Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari. Methali hii sisi wanafunzi tumeiandika katika insha mpaka imechakaa, na sina ugomvi nayo. Ila kuna jambo moja ambalo methali hiyo haituambii, nalo ni kwamba tahadhari hugharimu pesa. Sasa pesa hizo zitoke mfukoni mwa nani? Hilo ndilo nataka tulitazame leo, na mfano wangu nimeutoa mbali, katika jimbo la Oklahoma nchini Marekani, ambako watu wamebishana miaka na miaka kuhusu kujenga vyumba vya kujikingia tornado katika shule za umma.

Nilipotaja mada hii katika mkutano wa chama chetu, wenzangu wengine walicheka. Ati mambo ya Marekani yanatuhusu nini sisi, na tornado hatujaiona? Nawaomba wanivumilie kidogo. Nitawarudisha nyumbani kabla sijamaliza.

Kwanza tuielewe tornado yenyewe. Sisi sote tumewahi kuona kisulisuli kiwanjani wakati wa kiangazi, kile kivumbi kinachozunguka na kubeba makaratasi na majani, na watoto wadogo hukikimbia wakisema ni pepo anapita. Hicho ni mchezo tu. Tornado ni upepo unaozunguka kutoka katika wingu zito la mvua ya radi hadi chini ardhini, mfano wa faneli. Kule katikati ya Marekani, hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Meksiko, ikakutana na hewa kavu inayotoka upande wa magharibi kwenye milima, na upepo wa juu ukiwa unavuma kwa nguvu na upande tofauti na ule wa chini, basi wingu zima linaanza kuzunguka. Marekani hupata tornado 1,200 hivi kila mwaka, na nyingi ni ndogo. Ukali wake hupimwa kwa kipimo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Profesa Fujita, Mjapani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Kipimo hicho kilirekebishwa baadaye, na siku hizi kinaanzia EF0 hadi EF5. Ile ya EF5 upepo wake unapita kilomita 320 kwa saa. Matatu zetu sheria inazikataza kupita kilomita 80 kwa saa. Zidisha mara nne, halafu fikiria kwamba kinachokuja kwa mwendo huo ni mbao, mabati, vioo na magari ya watu.

Basi Jumatatu tarehe 20 Mei 2013, tornado ya aina hiyo ilipita katika mji wa Moore, Oklahoma. Ilikuwa alasiri, siku ya shule. Upana wake ulifika kilomita moja na nusu na zaidi, ikakaa ardhini kwa dakika 40 hivi. Iliangusha shule mbili za msingi, Briarwood na Plaza Towers. Briarwood hakufa mtu, na kwa kweli ukiona picha za vifusi vyake utashangaa. Plaza Towers walikufa watoto saba. Watu wote waliouawa na tornado hiyo walikuwa 24, kwa hivyo karibu theluthi moja walikuwa watoto waliokuwa shuleni, mahali ambapo mzazi huamini kwamba mtoto wake yu salama.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini, maana ndipo hoja yangu ilipo. Watoto wale hawakufa kwa sababu ya kukosa onyo. Idara ya hali ya hewa ilitoa onyo dakika 16 kabla tornado haijagusa ardhi, na kabla haijafika shuleni zilipita dakika nyingine nyingi. Ving'ora vililia. Hawakufa kwa sababu walimu walikuwa wazembe pia. La hasha! Walimu walifanya yote waliyofundishwa. Waliwatoa watoto madarasani mbali na madirisha, wakawaketisha katika korido na vyooni, wakawaambia wainamishe vichwa na kuvifunika kwa mikono, na walimu wengine wakawalalia watoto ili wawakinge kwa miili yao. Mwalimu atafanya nini zaidi ya hapo? Kilichokosekana ni mahali pa kukimbilia. Ukuta waliouegemea ndio uliowaangukia.

Na Moore haikuwa mji usiojua tornado. Tarehe 3 Mei 1999 mji uleule ulipigwa na tornado kubwa iliyoua watu 36 katika eneo lile. Shule zilizobomolewa mwaka ule, zilipojengwa upya zilijengewa vyumba vya kujikingia. Plaza Towers haikubomolewa mwaka 1999, basi haikujengewa. Unaona mambo hayo? Mji ni mmoja, bodi ya elimu ni moja, mvua inayowanyeshea ni moja, lakini mtoto wa shule hii ana chumba cha zege na mtoto wa shule ile ana korido. Tofauti yao ni kwamba shule ya yule wa kwanza ilitangulia kuanguka.

Ukifuatilia habari hizi utaona kwamba huo ndio mtindo wa kila mahali. Tarehe 18 Machi 1925, tornado iliyopita katika majimbo matatu iliua watu 695, na katika kijiji cha De Soto, Illinois, wanafunzi 33 walifia katika shule moja. Tarehe 1 Machi 2007, huko Enterprise, Alabama, wanafunzi wanane wa shule ya sekondari walikufa wakiwa wameketi koridoni kama walivyoelekezwa. Kuanzia 1925 hadi 2007 ni miaka 82, na kinga ya mwanafunzi bado ni kuinama tu. Baada ya Enterprise, Alabama ilitunga sheria kwamba shule mpya yoyote itakayojengwa kuanzia 2010 lazima iwe na chumba cha kujikingia. Hapo nawapigia makofi. Joplin, Missouri, nao walipigwa tarehe 22 Mei 2011, wakafa watu zaidi ya 150, na shule ya sekondari ya mji ikawa vifusi. Mungu alisaidia siku hiyo ilikuwa Jumapili. Baadaye nao wakajenga. Moore yenyewe, Plaza Towers na Briarwood zilipofunguliwa tena mwaka 2014 zilikuwa na vyumba vya zege. Kwanza jeneza, halafu ramani ya fundi.

Pengine mwenzangu anadhani chumba hiki ni kitu cha ajabu, kama yale mahandaki ya vita tunayoyaona katika sinema, yenye milango ya siri na ngazi za kwenda chini. Hapana. Mara nyingi wala hakiko chini ya ardhi. Ni chumba cha kawaida chenye kuta na dari la zege lililotiwa vyuma, kikashikamanishwa na msingi wake vizuri, na mlango wa chuma wenye makomeo matatu. Serikali yao imeweka kipimo kwamba katika maeneo ya hatari kubwa kihimili upepo wa kilomita 400 kwa saa. Na namna wanavyokipima inafurahisha. Huko Texas, katika chuo kikuu kilichoko mjini Lubbock, wana mzinga unaofyatua ubao wa kilo saba hivi kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa moja kwa moja kwenye ukuta au mlango. Ubao ukipenya, mlango huo hauuzwi kwa shule. Laiti na madawati yetu yangepimwa namna hiyo!

Nafasi nayo si kubwa. Kila mtu anahesabiwa nusu mita ya mraba hivi, kwa sababu tornado hupita kwa dakika chache na hakuna anayekuja kulala humo. Shule ya watoto 500 inahitaji chumba cha mita za mraba 230 hivi. Hayo ni kama madarasa yetu manne. Na siku ambazo hakuna tornado, ambazo ndizo siku karibu zote, chumba hicho hakikai bure kikihifadhi buibui. Joplin walivifanya kumbi za michezo. Wengine huvifanya madarasa ya muziki au maktaba. Mimi hili ndilo lililonivutia kuliko yote, kwa sababu linavunja ile hoja ya kwamba mnazika pesa ardhini mkingoja siku ambayo huenda isifike. Watoto wanacheza mpira wa kikapu ndani ya kinga yao.

Haya, sasa pesa. Chumba cha kutosha shule nzima chaweza kupita dola milioni moja. Serikali kuu ya Marekani, kupitia shirika lake la maafa liitwalo FEMA, huweza kulipa hadi asilimia 75 ya gharama. Ukisikia hivyo utasema mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Kwanza pesa hizo huombwa, tena hushindaniwa, na aghalabu hupatikana baada ya maafa kutangazwa. Pili, ile robo inayobaki ni ya wenyeji. Shule za Oklahoma zikitaka kujenga, hukopa kwa njia ya kura ya wenyeji, na mkopo hulipwa kwa kodi ya nyumba na mashamba. Kura hiyo haipiti kwa wingi mdogo, bali lazima wafike asilimia 60. Kwa hivyo wilaya yenye majumba makubwa na maduka inaweza kujikopea, na wilaya ya wakulima wadogo, ambako nyumba ni za bei ya chini, hata wakijikamua namna gani hawapati cha maana. Tornado haiulizi kodi ya eneo kabla ya kuteremka.

Baada ya maafa ya 2013, mbunge mmoja wa jimbo hilo, Joe Dorman, pamoja na wazazi, akiwemo mzazi wa marehemu, walipeleka pendekezo. Jimbo zima likope dola milioni 500, shule zote zisaidiwe, na mkopo ulipwe kwa kodi fulani iliyokuwa ikitozwa makampuni. Gavana Mary Fallin alikataa njia hiyo. Yeye alisema kila wilaya iachiwe iamue na ikope yenyewe, na kodi ile haifai kufungwa kwa kazi hiyo. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye akaandika upya maneno ya swali ambalo wananchi wangeulizwa, yakatilia mkazo habari za kodi, wenye pendekezo wakaenda mahakamani. Walihitaji saini zaidi ya 155,000 ndani ya siku 90 ili swali liingie katika karatasi ya kura. Hawakuzifikisha. Mwaka 2014 Dorman akagombea ugavana dhidi ya Fallin, akashindwa. Likaishia hapo. Moore wao walipiga kura yao wenyewe mwaka 2015 wakakubali kukopa ili shule zao zijengewe. Lakini Moore ni Moore, ilikuwa na makaburi ya kuikumbusha.

Nitasema wazi nilipo. Mimi niko upande wa wale wazazi. Sababu yangu si huruma peke yake, ingawa huruma ninayo. Sababu yangu ni sheria. Katika Oklahoma, mtoto wa kuanzia miaka mitano hadi 18 analazimishwa na sheria kwenda shule, na mzazi asiyempeleka anaweza kushtakiwa. Basi ikiwa jimbo zima ndilo lililoandika sheria ya kumtoa mtoto nyumbani kwao kwa nguvu, iweje ukuta wa kumkinga uwe ni shauri la kijiji? Ukiniita kwako kwa lazima, mvua ikininyeshea sebuleni mwako, si utaniambia nimwulize jirani kama ana mwavuli. Gavana angesema shule ni mali ya wilaya, mimi ningemjibu kwamba amri ya kuhudhuria ni ya jimbo.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzuri, na sitaki kuwafanyia hila kwa kuchagua zile dhaifu.

Wengine husema uwezekano wa shule moja mahususi kupigwa na tornado kali mchana wa siku ya masomo ni mdogo mno. Hiyo ni kweli, na mwalimu wangu wa hisabati ataniunga mkono. Shule nyingi za Oklahoma zitasimama miaka 100 bila kuguswa. Lakini hesabu hiyo ina pande mbili. Wewe ukiitazama shule moja, hatari ni ndogo. Ukilitazama jimbo zima, hatari ni hakika, ila hatujui jina la shule. Na ndiyo maana nasema mkopo uwe wa jimbo zima, kama vile watu wa bima wanavyofanya. Hakuna anayejua nyumba itakayoungua, ndiyo maana wote wanachanga.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, na ilinisumbua. Mwezi wa Aprili 2018 walimu wa Oklahoma waligoma, wakakusanyika kwenye bunge la jimbo, wakilia mishahara midogo. Magazeti yalionyesha vitabu vilivyochanika na viti vilivyovunjika, na wilaya nyingine zilikuwa zimepunguza masomo kuwa siku nne kwa wiki ili kubana matumizi. Sasa mtu atauliza, unajenga vipi chumba cha dola milioni moja katika shule isiyo na vitabu? Mtoto anaketi katika kiti kibovu kila siku, tornado inakuja mara moja katika maisha, au haiji kabisa. Hilo swali si la kejeli. Hata hapa kwetu ukimpa mwalimu mkuu pesa na kumwambia achague kati ya maabara na kitu kingine chochote, atachagua maabara, nami sitamlaumu. Jibu langu ni kwamba hiyo si hesabu anayopaswa kuachiwa mwalimu mkuu hata kidogo. Wanaomlazimisha achague kati ya kitabu na ukuta wamekwisha kukosea kabla yeye hajafungua kinywa. Mkopo wa ujenzi hulipwa kwa miaka mingi, mshahara hulipwa kila mwezi. Ni mifuko miwili tofauti.

Halafu kuna wasemao kwamba dawa ni kufunga shule siku ya hatari. Siku hizi utabiri umekuwa mzuri, na tarehe 20 Mei 2019 shule nyingi za eneo la Oklahoma City zilifungwa kwa sababu hiyo. Mimi naona hii ni dawa ya mwenye nyumba nzuri. Je, watoto wanarudi wapi? Marekani kuna watu wengi maskini wanaoishi katika nyumba za kuburutwa, zile zinazotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori. Upepo huzibeba kama sanduku, na sehemu kubwa ya watu wanaouawa na tornado hufia humo. Udongo wa Oklahoma nao ni mfinyanzi, na nyumba nyingi hazina chumba cha chini. Ukimtoa mtoto shuleni ukamrudisha katika nyumba kama hiyo, mama na baba wako kazini, umemsaidia nini? Umeyahamisha tu maafa kutoka kwenye hesabu ya shule.

Kuna anayeweza kusema, wacha hao, ni matajiri, wanagombania anasa. Basi tuitazame Bangladesh, ambayo haikuwa tajiri. Mwaka 1970 kimbunga cha baharini kiliua watu wasiopungua 300,000 nchini humo, na mwaka 1991 kingine kikaua karibu 140,000. Wakaanza kujenga kwa bidii majengo ya zege yaliyosimama juu ya nguzo, maji ya bahari yakija yapite chini, watu wawe juu. Mengi ya majengo hayo ni shule za msingi siku za kawaida. Watoto wanasoma humo, kimbunga kikija kijiji kizima kinapanda. Mwaka 2007 kilikuja kimbunga kikali kiitwacho Sidr, wakafa watu zaidi ya 3,000. Ni wengi, lakini tazama tulikotoka. Onyo na barabara vilisaidia pia, sikatai. Lakini wao hawakuuliza kama ni shule au ni kimbilio. Walijenga kitu kimoja kikawa vyote viwili, tena bila kuwa na dola za Oklahoma.

Niliahidi kurudi nyumbani, basi nimerudi.

Sisi Kenya hatuna tornado za namna ile, tushukuru. Lakini lile wingu la radi linalozaa tornado kule, hapa kwetu linatupa radi, mvua ya mawe na upepo wa kung'oa paa. Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe, ikinyesha siku nyingi katika mwaka kuliko karibu mahali pengine popote. Nyanda za Kisii na eneo zima la kuzunguka Ziwa Viktoria radi ni jambo la kila alasiri msimu wa mvua. Hapo jirani Uganda, mwezi wa Juni 2011, radi moja iliua wanafunzi 18 wa shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, wakiwa ndani ya darasa. Ndani ya darasa, si chini ya mti! Sisi tuliofundishwa kwamba mvua ikinyesha tukimbilie darasani tulitafakari hilo.

Kinga ya radi si dola milioni moja. Ni fimbo ya chuma juu ya paa, waya mnene wa shaba unaoteremka ukutani, na chuma kilichozikwa ardhini, vikifungwa na fundi anayejua kazi yake. Paa nalo, ili lisiondoke na upepo, linataka mbao zifungwe kwa vyuma kwenye ukuta badala ya kupigiliwa misumari miwili na kuachiwa Mungu. Na sisi pia tuna Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inayomlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule, na adhabu iko kwa asiyempeleka. Ukiisoma, ni ile ile amri ya Oklahoma. Kwa hivyo swali nalo ni lile lile. Kwetu hata halijaanza kubishaniwa, kwa sababu kila paa linapong'oka tunaitisha harambee, wazazi wanatoa mia mbili mia mbili, bati linarudi juu kwa misumari ile ile, na shule iliyo ng'ambo ya mto, ambayo paa lake halijang'oka, inangoja zamu yake. Moore kabla ya 2013 walikuwa wanafanya hivyo hivyo, ila kwa pesa nyingi zaidi.

Sidai kila shule ya kutwa nchini ijengewe ukumbi wa zege. Nadai kwamba katika kaunti zinazojulikana kwa radi na upepo, kinga ya radi na ufungaji wa paa viandikwe katika bajeti ya serikali pamoja na chaki na madawati, vipelekwe kwa kufuata ramani ya hatari, visifuate orodha ya shule ambazo tayari zimepata msiba wala uwezo wa wazazi wa kuchanga. Shule maskini iliyo mlimani itangulie shule tajiri iliyo bondeni. Naona hata walimu wetu wa jiografia wanaweza kutuchorea ramani hiyo kwa wiki moja tu.

Kwa upande wa chama chetu, napendekeza jambo dogo linalowezekana. Mvua za masika huanza Machi. Kabla hazijaanza, tuiandikie bodi ya shule barua moja fupi, kwa Kiswahili, tuulize mambo matatu: ni majengo yapi ya shule yetu yana kinga ya radi, mara ya mwisho mafundi walipanda lini kukagua paa la madarasa, na kazi hiyo ingegharimu shilingi ngapi. Nakala tumpelekee mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Nimeanza kuiandika, iko nyuma ya daftari langu la fasihi, na anayetaka kuisahihisha au kutia sahihi anikute maktabani siku ya Ijumaa baada ya michezo.